Sura ya Nne: Taji Lililopita Kukeni

Tarehe 13 Desemba 1474, mjini Segovia, mwanamke wa miaka 23 alipanda jukwaa lililojengwa karibu na kanisa la San Miguel akatangazwa Malkia wa Castilla. Kaka yake wa baba mmoja, Mfalme Enrique IV, alikuwa amefariki Madrid usiku wa kuamkia tarehe 12. Mume wa malkia huyo mpya, Fernando, mrithi wa taji la Aragón, alikuwa mbali huko Zaragoza na hakuwa na habari yoyote. Isabel hakumngoja.

Maandamano yalipoanza kupita mjini, mbele yake alitangulia mtumishi wake mkuu, Gutierre de Cárdenas, ameinua upanga uliochomolewa alani. Upanga huo ulikuwa ishara ya mamlaka ya kuhukumu, hata hukumu ya kifo, na watu walizoea kuuona mbele ya wafalme wanaume. Alonso de Palencia, mwandishi wa tarehe za ufalme aliyempendelea Fernando, aliandika kwamba baadhi ya watazamaji walinung'unika. Iweje mke ajitwalie alama ambayo kwa macho yao ilikuwa ya mume?

Manung'uniko hayo yasitupoteze. Mpinzani wa Isabel naye alikuwa wa kike: Juana, binti wa marehemu mfalme, mwenye umri wa miaka 12, ambaye baraza la ufalme lilikwisha kumwapia kuwa mrithi alipokuwa mtoto mchanga. Vita vilivyofuata vilichukua zaidi ya miaka minne, vikaivuta Ureno ndani, na pande zote mbili zilipigania haki ya mwanamke. Zama zile kila mtu alisema kwamba mwanamume ndiye afaaye kutawala. Ilikuwaje basi mambo yakafika hapo?

Mtu akizisoma sheria za falme hizo peke yake hatapata jibu. Damu ilimpa mwanamke haki, na kiapo cha wakuu na miji kikaitangaza haki hiyo hadharani. Lakini aliyeshika ngome, hazina na saini ndiye aliyeamua kama damu na kiapo vingekuwa na uzito. Tutawaona wanawake waliokuwa na damu na kiapo wakaishia utawani au kifungoni, na wengine ambao kisheria walikuwa wake wa wafalme tu, lakini wakaendesha nchi kwa miongo.

Falme tatu, desturi tatu

Uhispania ya karne ya 14 na 15 haikuwa nchi moja. Castilla, iliyoungana na León, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Upande wa mashariki kulikuwa na himaya ya Aragón, iliyojumuisha Aragón yenyewe, Catalonia, Valencia na visiwa vya bahari ya Mediterania. Navarra ilikuwa ndogo, imebanwa milimani kati ya majirani wakubwa. Granada ilikuwa bado chini ya masultani Waislamu. Tukiacha Granada, kila ufalme kati ya hizo tatu ulikuwa na jibu lake kwa swali moja: mfalme akifa bila mtoto wa kiume, nani arithi?

Jibu la Castilla liliandikwa katika Siete Partidas, mkusanyiko wa sheria uliotungwa wakati wa Alfonso X, aliyetawala kuanzia 1252 hadi 1284. Taji humwendea mtoto wa kiume wa kwanza; kama amekufa na ameacha watoto, humwendea mtoto wake; na pasipokuwa na mtoto wa kiume, humwendea binti mkubwa. Desturi yenyewe ilikuwa kongwe kuliko maandishi. Urraca alitawala León na Castilla kuanzia 1109 hadi 1126. Mwaka 1217 mfalme kijana Enrique I alikufa Palencia baada ya kuangukiwa na kigae cha paa, na ufalme ukamwangukia dada yake Berenguela. Huyu alilipokea taji, kisha papo hapo akamkabidhi mwanawe Fernando III, akaendelea kuwa mshauri wake mkuu. Tendo la Berenguela lilikuwa na sura mbili. Lilithibitisha kwamba mwanamke anaweza kurithi, na wakati huohuo likaonyesha kile ambacho wakuu walitarajia afanye baada ya kurithi.

Hata sheria hiyo ya Alfonso X ilipasuka mikononi mwake mwenyewe. Mwanawe mkubwa alikufa mwaka 1275 akiacha watoto wa kiume, ambao kwa mujibu wa Partidas ndio waliostahili. Mwanawe wa pili, Sancho, aliwapiku wajukuu hao akakalia kiti mwaka 1284. Basi tangu mwanzo kitabu cha sheria kilisema lake, na mwenye nguvu akafanya lake.

Aragón ilikuwa na njia nyingine. Mwaka 1134 Alfonso I alikufa bila mtoto, na ndugu yake Ramiro, mtawa, akatolewa utawani ili aoe na kuzaa. Akapata binti, Petronila, mwaka 1136. Mwaka uliofuata, mtoto huyo akiwa bado mchanga, aliposwa na Ramon Berenguer IV, mtawala wa Barcelona, na Ramiro akarudi kwenye maisha ya utawa. Muungano wa Aragón na Catalonia, uliozaa mojawapo ya dola kubwa za Mediterania, ulipita katika mwili wa mtoto huyo wa kike. Hata hivyo, Petronila alipoandika wasia mwaka 1152, akiwa mjamzito, aliagiza kwamba akizaa mwana, mwana huyo arithi. Akizaa binti, ufalme ubaki kwa mumewe. Mwaka 1164 alimwachia mwanawe kila kitu. Kwa hiyo huko mwanamke alikuwa daraja la kupitishia taji, na hakutarajiwa kulivaa.

Mfalme Pedro IV alijaribu kuipinda desturi hiyo. Mwaka 1347, akiwa na mabinti tu, alimtangaza binti yake Constanza kuwa mrithi. Ndugu yake Jaume, mtawala wa Urgell, aliyejiona ndiye mrithi halali, alikasirika, na makabaila wa Aragón na Valencia wakajiunga naye katika uasi. Jaume alikufa ghafla mwaka huohuo, na minong'ono ya sumu ikazagaa. Pedro alishinda uasi mwaka 1348 katika mapigano ya Épila. Baadaye alipata watoto wa kiume kwa ndoa nyingine, na suala la Constanza likazimika bila kupata jibu.

Navarra ndiyo iliyowatii wanawake kwa wepesi zaidi. Mwaka 1328 ukoo wa wafalme wa Ufaransa, ambao wakati huo walikuwa wafalme wa Navarra pia, ulikosa mrithi wa kiume wa moja kwa moja. Ufaransa ilimkataa Juana, binti wa Mfalme Louis X, ikachagua mtoto wa ndugu wa babu yake. Wakuu wa Navarra walimchukua Juana huyohuyo aliyekataliwa Paris, wakamtawaza Pamplona mwaka 1329 pamoja na mumewe. Mwanamke mmoja, damu ileile, mataji mawili ya baba yake. Moja likamkwepa, jingine akalivaa.

Wanaume waliorithi kwa mama zao

Aragón iliendelea kuwanyima mabinti taji. Mfalme Joan I alipokufa mawindoni mwaka 1396, aliacha mabinti wawili na hakuacha mwana. Taji likaenda kwa ndugu yake Martín, ambaye alikuwa Sicilia. Mume wa binti mkubwa, mtawala wa Foix, aliingia na jeshi kudai haki ya mkewe. Aliyemzuia ni mke wa Martín, Maria de Luna. Akiwa Barcelona, kwa jina la mume ambaye hajafika, aliliongoza baraza, akatafuta fedha, akapanga ulinzi, akamweka chini ya uangalizi mjane wa mfalme aliyedai kuwa na mimba. Martín alitia mguu nchini mwaka 1397 na kukuta kiti chake kiko salama. Kwa miezi hiyo yote Aragón ilitawaliwa na mwanamke, ili kuhakikisha kwamba haitawaliwi na mwanamke.

Miaka 14 baada ya kifo cha Joan desturi hiyo ilidai malipo yake. Martín alikufa mwaka 1410 bila mrithi halali. Wadai wakajitokeza, na hatimaye Aragón, Catalonia na Valencia zikateua waamuzi tisa, watatu kwa kila nchi, wakutane katika mji wa Caspe. Tarehe 28 Juni 1412 uamuzi ulitangazwa. Aliyekuwa na nasaba ya kuumeni isiyokatika ni mtawala wa Urgell, Jaume, mjukuu wa yule aliyekufa ghafla mwaka 1347. Waamuzi walimpita. Walimchagua Fernando wa Castilla, ambaye dai lake lilisimama juu ya mama yake, Leonor, binti wa Pedro IV. Jaume aliasi, akashindwa Balaguer mwaka 1413, akafia kifungoni.

Uamuzi wa Caspe ulitokana na mengi: fedha, jeshi la Castilla, na sauti ya mhubiri Vicente Ferrer, mmojawapo wa wale tisa. Hata hivyo, kila mfalme wa Aragón baada ya siku hiyo alitawala kwa haki iliyopita kukeni. Nchi iliyosema mwanamke hawezi kuvaa taji ilikuwa imekiri kwamba bila mwanamke haina mfalme.

Ofisi ya malkia asiye na ufalme wake

Tusipoangalia kazi za wake wa wafalme, tutaona mataji tu na kukosa utawala wenyewe. Malkia aliyeolewa alikuwa na miji yake aliyopewa kwa ndoa, na kodi zake. Alikuwa na makarani, waweka hazina na mahakimu wake. Nyumba ya malkia ilikuwa serikali ndogo, na mfalme akifa au akisafiri, serikali hiyo ndogo ilikuwa tayari kubeba ile kubwa.

Castilla ilimwona María de Molina akiilea nchi mara mbili, kwanza kwa niaba ya mwanawe Fernando IV aliyerithi mwaka 1295 akiwa na miaka tisa, kisha kwa niaba ya mjukuu wake Alfonso XI, hadi alipofariki mwaka 1321. Wajomba, baba wadogo na majirani wote walitaka kipande cha ufalme. Yeye alikwenda kwa miji, akaitisha mabaraza, akalipia uhalali wa ndoa yake mwenyewe kwa Papa ili watoto wake wasiitwe wa haramu.

Aragón iliipa kazi hiyo cheo rasmi: naibu mkuu wa mfalme, mwenye mamlaka ya kuitisha mabaraza, kutoa hukumu na kuongoza majeshi. Alfonso V alipokwenda kuitafuta Napoli mwaka 1432, alimwachia kazi mkewe, María wa Castilla, na hakurudi tena. María alikaa katika unaibu huo, hasa Catalonia, hadi 1453. Barua zilivuka bahari kwenda na kurudi, lakini mume na mke hawakuonana tena mpaka wote wawili walipokufa mwaka 1458. Hakuzaa mtoto. Kwa kipimo cha kuzaa warithi, María alishindwa. Kwa kipimo cha utawala, wafalme wachache wa Uhispania wa karne ile waliikalia Barcelona kwa muda mrefu kama yeye.

Hivyo hofu ya watu haikuwa kwamba mwanamke hawezi kazi. Waliiona kazi yake kila siku. Hofu ilikuwa mumewe. Malkia mwenye ufalme kwa haki yake lazima aolewe, na mwanamume atakayemwoa, awe mgeni au mwenyeji, ataingia na jamaa zake, madeni yake na vita vyake.

Navarra ilitoa mfano uliotisha kuliko yote. Blanca I alirithi ufalme mwaka 1425 akiwa mke wa Juan, mwana wa yule Fernando wa Caspe. Alipofariki mwaka 1441, ufalme ulistahili kwenda kwa mwanawe Carlos, Mkuu wa Viana, lakini wasia wake ulimsihi asijiite mfalme bila ridhaa ya baba. Baba hakuridhia. Juan aling'ang'ania ufalme wa marehemu mkewe, na kuanzia 1451 baba na mwana wakapigana, nchi ikagawanyika katika makundi ya Beaumont na Agramont. Carlos alikufa mwaka 1461. Dada yake Blanca, aliyefuata katika urithi, alikabidhiwa kwa mdogo wake Leonor na shemeji yake, akafia kifungoni Orthez mwaka 1464. Leonor mwenyewe alisubiri hadi baba yao alipokufa Januari 1479, akatawala kwa majuma machache, akafa. Kwa miaka 38 mjane mmoja alizuia taji ambalo halikuwa lake kwa damu.

Mjane huyo ndiye Juan II wa Aragón. Kwa ndoa yake ya pili alizaa mtoto wa kiume: Fernando, mume wa Isabel.

Shangazi na binti wa kaka yake

Sasa turudi Castilla. Juana, binti wa Enrique IV na mkewe Juana wa Ureno, alizaliwa Februari 1462, na Mei ya mwaka huo baraza la ufalme lilimwapia kuwa mrithi. Miongoni mwa walioapa alikuwamo shangazi yake Isabel, aliyekuwa na miaka 11.

Kiapo hicho kilianza kuliwa na uvumi. Ndoa ya kwanza ya Enrique, na Blanca wa Navarra yule aliyefia Orthez, ilikuwa imevunjwa mwaka 1453 kwa sababu haikuwahi kukamilika. Maadui wa mfalme wakasema kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuzaa, na kwamba baba wa mtoto ni Beltrán de la Cueva, mpendwa wa ikulu; wakambandika binti jina la Beltraneja. Hakuna aliyekuwa na uthibitisho, na hakuna aliyeuhitaji. Makabaila walitaka mfalme dhaifu na ruzuku nono, na kama wahenga walivyosema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Juni 1465, nje ya Ávila, waliliketisha sanamu la mfalme juu ya kiti, wakalivua taji, upanga na fimbo, wakaliangusha chini, kisha wakamtangaza mfalme mdogo wake Alfonso, mtoto wa miaka 11.

Alfonso alikufa Julai 1468. Isabel angeweza kujitangaza malkia palepale, na wapo waliomsukuma. Alikataa. Badala yake, Septemba mwaka huo, mahali paitwapo Toros de Guisando, alikubali kumtii kaka yake, naye akamkubali kuwa mrithi na kumpa Ukuu wa Asturias na miji kadhaa. Hati ya mapatano hayo haikusema kwamba Juana si mtoto wa mfalme. Ilisema kwamba mfalme hakuwa amefunga ndoa halali na malkia. Hoja ya damu ilihitaji ushahidi, lakini hoja ya ndoa ilihitaji wanasheria tu.

Sharti lilikuwa kwamba Isabel asiolewe bila shauri la mfalme. Akaolewa. Fernando alivuka mpaka akijifanya mtumishi wa wafanyabiashara, na tarehe 19 Oktoba 1469 wakafunga ndoa Valladolid. Walikuwa na undugu wa damu uliohitaji ruhusa ya Papa, na ruhusa iliyosomwa siku hiyo ilikuwa ya kughushi. Ile ya kweli ilikuja mwaka 1471. Enrique alighadhibika, na Oktoba 1470 akamrudishia binti yake urithi, baba na mama wakiapa kwamba ni mtoto wao. Basi kufikia kifo cha mfalme kila mmoja wa wanawake hawa alikuwa amewahi kuapiwa na amewahi kufutwa. Kiapo kilikuwa kimechuja.

Kilichobaki ni ngome. Hazina ya kifalme ilikuwa katika kasri la Segovia, chini ya Andrés de Cabrera, na mkewe Cabrera, Beatriz de Bobadilla, alikuwa rafiki wa Isabel tangu ujana. Ndiyo maana kutangazwa kulifanyika Segovia, na kwa haraka ile. Juana hakuwa na mji wake, hazina wala nyumba ya watumishi iliyomtii. Alikuwa mikononi mwa markizi wa Villena kama amana.

Mjomba wake Juana, Afonso V, mfalme wa Ureno, aliingia Castilla mwaka 1475 na kumposa mjini Plasencia. Pande zilikwisha kubadilika kiasi cha kuchekesha. Askofu mkuu wa Toledo, Carrillo, aliyeipanga ndoa ya Isabel, alihamia kwa Juana. Beltrán de la Cueva, aliyesemwa kuwa baba wa Juana, alibaki na Isabel. Mapigano ya Toro ya tarehe 1 Machi 1476 hayakuwa na mshindi wa wazi uwanjani, lakini Fernando alituma barua mijini kutangaza ushindi kabla ya mtu mwingine, na Afonso akarudi kwao bila kuipata Castilla.

Amani ilitiwa saini Alcáçovas tarehe 4 Septemba 1479. Juana, miaka 17, aliwekewa chaguo: angoje chini ya ulinzi hadi mtoto mchanga wa Isabel akue amwoe, au aingie utawani. Alichagua utawa, Coimbra. Mkataba huohuo uliiachia Castilla visiwa vya Canaria, na Ureno njia ya bahari ya kusini kando ya Afrika. Juana aliishi hadi 1530, na maisha yake yote aliendelea kutia saini kama malkia.

Mkataba wa mume na mke

Ugomvi mwingine ulimalizwa kimyakimya. Fernando alifika Segovia mapema Januari 1475 akiwa amekasirika. Watu wa Aragón walimwambia kwamba yeye, mjukuu wa mwana wa mfalme wa Castilla kwa njia ya kuumeni, ndiye mrithi wa kweli, na mkewe ni mkewe tu. Castilla ikajibu kwa Partidas.

Mwandishi wa tarehe Fernando del Pulgar anamwonyesha Isabel akitumia hoja ambayo mume hakuweza kuipinga bila kujiumiza. Wakati huo walikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Wakikubali kwamba mwanamke harithi, walikuwa wanamfungia mlango mtoto wao wenyewe, na baada yao nchi ingekwenda kwa jamaa wa mbali wa kiume.

Mapatano ya tarehe 15 Januari 1475 yaligawa mambo kwa uangalifu wa mizani ya sonara. Katika hati jina la Fernando lingetangulia, lakini nembo za Castilla zingetangulia zile za Aragón. Haki wangeitoa pamoja wakiwa mahali pamoja. Viapo vya walinzi wa ngome na uteuzi katika Castilla vilibaki kwa malkia. Mume alipewa jina mbele. Mke alibaki na ngome. Tukikumbuka jinsi baba yake Fernando alivyoishikilia Navarra, tunaelewa kwa nini washauri wa Isabel hawakuona sharti hilo kuwa dogo.

Binti aliyekuwa na kila haki

Mwana wao wa pekee, Juan, alikufa Salamanca Oktoba 1497. Binti mkubwa, Isabel, ambaye sasa alikuwa Malkia wa Ureno, aliitwa nyumbani kuapiwa. Toledo ilimwapia Aprili 1498. Mwezi huohuo, meli za mumewe Manuel zikiongozwa na Vasco da Gama zilikuwa Mombasa na Malindi. Lakini Zaragoza ilikataa kumwapia mwanamke. Ubishi ulikuwa haujaisha alipofariki Agosti, akimzaa Miguel. Watu wa Aragón wakamwapia mtoto huyo mchanga: tumbo lilikubaliwa palepale ambapo mwenye tumbo alikataliwa. Miguel naye alikufa mwaka 1500.

Ikabaki zamu ya binti wa pili, Juana, aliyeolewa na Felipe wa Flanders. Toledo ilimwapia Mei 1502. Na Oktoba mwaka huo, kwa mara ya kwanza, baraza la Aragón lilimwapia mwanamke kuwa mrithi, kwa sharti kwamba Fernando akizaa mwana kwa ndoa nyingine, kiapo kinatenguka. Hakuna binti wa kifalme aliyewahi kuwa na haki kamili kama Juana. Damu yake haikuwa na doa, ndoa ya wazazi wake haikuwa na mashaka, na falme zote zilikuwa zimemwapia.

Mama yake alifariki Medina del Campo tarehe 26 Novemba 1504. Wasia ulimtaja Juana malkia kwa haki yake mwenyewe, kisha ukaongeza kwamba akiwa hayupo, au asipotaka au asipoweza kushughulika na utawala, Fernando aongoze. Mlango huo mdogo ulitosha. Juni 1506 baba na mume walipatana kwamba Juana hawezi kutawala. Baraza lililokutana Valladolid Julai halikuridhia kumfungia. Lilimwapia kuwa malkia. Felipe alikufa Septemba, na Desemba mjane huyo alifuta zawadi na ruzuku ambazo mumewe aliwagawia watu tangu kifo cha Isabel. Hilo halikuwa tendo la mtu asiyejua mambo. Lakini Juana hakuwa amejenga nyumba ya watumishi wake, hazina yake, wala kundi la wakuu waliomtegemea. Mume, baba na baadaye mwana walichagua watu wa kumzunguka. Mwaka 1509 alipelekwa Tordesillas, na humo alikaa hadi kifo chake Aprili 1555.

Fernando, kwa upande wake, alikuwa amemwoa Germaine wa Foix. Mei 1509 wakapata mwana, akafa baada ya saa chache. Laiti angeishi, Aragón ingejitenga na Castilla, na muungano tunaouita Uhispania ungekuwa tukio la ndoa moja tu. Kwa kuwa hakuishi, falme zote zilikutana kwa Juana, na Carlos, mwanawe, alijiita mfalme tangu 1516 akiwa mshirika wa mama. Amri za Castilla zilitoka kwa majina ya Juana na Carlos, la mama likitangulia. Waasi wa miji walipoiteka Tordesillas mwaka 1520, walichoomba kwake ni saini. Alikataa kuitoa, na uasi wao ukakosa uhalali. Carlos alihitaji jina lake ili atawale, na waasi walihitaji jina lake ili waasi. Yeye tu ndiye hakuweza kulitumia.

Tukiwapanga wanawake watatu wa Castilla, tofauti yao haimo kitabuni. Juana binti wa Enrique, Isabel na Juana binti wa Isabel walisimama juu ya sheria ileile ya Alfonso X. Aliyetawala ni yule aliyefika kwenye kifo cha mfalme akiwa na miji, rafiki ndani ya kasri la hazina, na mkataba wa ndoa uliomfunga mume.

Sheria yenyewe iliishi kuliko wote. Felipe V aliwasukuma wanawake nyuma mwaka 1713. Fernando VII akarudisha utaratibu wa Partidas mwaka 1830, na hivyo binti yake Isabel II akarithi, na Uhispania ikaingia tena vitani kugombania haki ya mtoto wa kike. Katiba ya 1978, kifungu cha 57, bado inamtanguliza mwana mbele ya binti wa daraja moja. Tarehe 31 Oktoba 2023, alipotimiza miaka 18, Leonor, binti mkubwa wa Mfalme Felipe VI, aliapa mbele ya bunge. Yeye ndiye mrithi kwa sababu ileile iliyomfanya Isabel II kuwa mrithi: hana kaka wala mdogo wa kiume aliye hai. Laiti leo angezaliwa mmoja, sheria ya Alfonso X ingemtoa Leonor kwenye nafasi yake kabla mtoto huyo hajajifunza kutembea.